Mume Niliyeandikiwa Koboko

Katika ukoo wetu watu husema mimi nina ndege. Ukweli ni kwamba nilikaa miaka ishirini na sita kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, nikipima mizigo na kuhesabu abiria, kisha nawahesabu tena, kwa sababu abiria ana tabia ya kupotea kati ya kaunta na ngazi. Nilipostaafu na kurudi kwetu Arua, kaskazini mwa Uganda, kampuni ilinipa saa ya ukutani na haki ya kusafiri: mimi, mume na mzazi mmoja, kwa kulipa kodi tu, mradi ndege iwe na kiti kilichobaki. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Mzazi nikamwandika mama yangu, anayekaa Koboko. Nafasi ya mume ikabaki tupu kwenye tovuti ya wastaafu, mstari mweupe chini ya jina langu, na sikuufikiria tena.

Tovuti ile ilifunguliwa kwa neno la siri, halafu kwa namba iliyotumwa kwenye simu yangu. Sharti lake nilikuwa nalijua kwa moyo: ukimpa mtu mwingine neno lako, haki inasimamishwa, yako na ya watu wako wote. Kwa hiyo nililishika. Binamu mmoja wa Manibe alikuja na kuku kuliomba. Kuku nilimpokea, neno sikulitoa, na aliponuna nikamwambia kuku ni wa salamu. Shabiki mmoja wa mpira kule Onduparaka aliuliza kama timu nzima inaweza kuandikishwa kuwa wazazi wangu. Matapeli nao hawakuchoka. Kila wiki ujumbe: akaunti yako itafungwa, bonyeza hapa, umeshinda safari, bonyeza hapa. Nilikuwa nafuta bila kumaliza kusoma. Mimi nimeuza nguo soko la Arua kila nilipokuja likizo, mbele ya watu wanaoweza kukuibia huku wanakusaidia kumtafuta mwizi. Ujumbe wa simu ungenipata wapi?

Mwaka jana mdogo wangu wa mwisho, aliyeolewa Nairobi, akashika mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, hii ikakaa. Akaomba kitu kimoja: mama awepo siku ya kujifungua. Mama alitaka hivyo kuliko yeye. Lakini miguu ya mama huvimba akikaa muda mrefu, na daktari alikuwa ametukataza kabisa kumpakia basi kwa siku mbili. Tiketi ya bei kamili ilituzidi, kwa hiyo ilikuwa ndege ya kampuni yangu, ndogo kutoka Arua na kubwa kutoka Entebbe, au basi tu.

Pasipoti ya mama ilikuwa mpya, na picha yake ilipaswa kuingizwa kwenye tovuti kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo jina lake linatolewa. Pasipoti iko Koboko. Mimi niko Arua, nimelala kliniki na malaria, dripu mkononi. Nikamwambia mama aende kwenye kibanda cha kompyuta na fotokopi, wapige picha wanitumie. Wakatuma mara tatu, picha haifunguki. Mama mwenye kibanda akachukua simu, akaniambia kwa upole, "Aunti, wewe nipe pasiwadi tu, mimi itaingiza hapa hapa. Kazi ya dakika mbili."

Nilikuwa na homa. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandikia kampuni baadaye, na ni kweli, lakini si yote. Nilikuwa pia nimechoka kuwa mtu mgumu. Nikamsomea neno la siri, herufi moja moja. Nikamsomea na namba iliyokuja kwenye simu. Picha ikaingia. Nikalala nikiona nimefanya jambo la maana.

Kitu ambacho sikukijua ni namna yule mama wa kibanda anavyofanya kazi. Wateja wake ni wakulima, wachuuzi, wakimbizi kutoka Sudani Kusini wenye fomu za kila aina. Wote hufunguliwa akaunti na wote husahau maneno yao. Kwa hiyo ana daftari kubwa la jalada gumu. Kila ukoo una ukurasa wake. Ukisahau, unakwenda, unataja kwenu, anafungua ukurasa, anakusomea. Watu wa Koboko wanamheshimu kwa hilo, na sina haki ya kuwacheka. Neno langu aliliandika vizuri kwenye ukurasa wa akina mama yangu. Na kompyuta ilipomuuliza kama ikumbuke ili isidai namba ya simu tena, akaijibu ndiyo. Alifikiri ni adabu.

Baada ya siku kumi nikapata barua pepe: hongera kwa ndoa yako. Nikacheka peke yangu, nikafuta. Matapeli sasa wanatuoza, nilijiambia. Ikaja ya pili, nikaifuta bila kuifungua.

Wiki tatu kabla ya mdogo wangu kujifungua nikaingia kuomba viti vya mama. Akaunti imefungwa. Nikapiga simu ofisini, nikapokewa na binti mmoja mwenye sauti ya kutunza subira. Akaniambia nilikuwa nimemwongeza mume, kisha mume huyo akaomba viti viwili vya Nairobi, chake na cha mama yangu. Kwenye faili lao mimi ni mjane. Waliniandikia mara mbili, kwanza kunipongeza, kisha kuniuliza kama ndoa ni ya kweli na kunionya kwamba nisipojibu ndani ya siku tatu watafunga kila kitu na kuchunguza.

"Mume gani?" nikauliza.

Akanisomea jina. Lilikuwa la mjomba wangu, kaka wa mama, mtu wa miaka sitini na nane.

Nikapanda gari la Koboko siku hiyo hiyo. Nilianza na kibanda. Mama wa kompyuta hakujificha. Alinionyesha daftari kama mtu anayeonyesha cheti. Nikataka ukurasa wetu uchanwe. Akasema nyuma yake kuna ukurasa wa ukoo mwingine, utawaacha bila barua pepe. Tukapatana bei, yaani tukapatana wino: afute mistari yetu yote kwa kalamu nyeusi mbele yangu. Alitaka kufuta wangu tu. Nilisimama pale mpaka mstari wa saba, nikageuza karatasi kuona kama inasomeka kwa nyuma. Ilisomeka. Akarudia.

Mjomba nilimkuta kwa mama, anakunywa chai. Nikamsalimia kama inavyotakiwa, kwa sababu hasira haifuti heshima, ingawa inaichelewesha.

"Mjomba, umejiandika mume wangu."

"Nafasi ilikuwa wazi," akasema. "Mimi iliangalia vizuri. Hapa wewe, hapa mama yako, hapa hakuna mutu."

"Hapo ni pa marehemu."

"Marehemu hapana panda ndege."

Akaeleza bila haraka. Mama hawezi kutembea peke yake mbali hivyo. Nani angemshika mkono Entebbe? Mimi nilikuwa mgonjwa. Akaenda kibandani, akaomba ukurasa wa kwao, akajaza mstari uliokuwa mweupe. Kuingiza mume kulichukua dakika tano. Cheti cha ndoa kingeweza kuletwa baadaye. Hakuona kwamba ameiba kitu. Kwake neno lile lilikuwa kama jembe la nyumbani, wa ukoo yeyote anaweza kulichukua, mradi alirudishe.

Mama ndiye aliyemjibu. Kiswahili chake ni cha kambini, alijifunza akiwa mke wa askari, na akikasirika kinakuwa amri. "Wewe ni kaka yangu," akamwambia. "Huyu ni mtoto yangu. Hata kama iko kwa kompyuta, umesema ni bibi yako. Utaleta mbuzi."

Mjomba akaanza kubishana kuwa kompyuta si watu. Mama akamwondolea kikombe cha chai. Mbuzi alifika kesho yake, akachinjwa, maneno yakasemwa, na kwa upande wa ukoo mimi na mjomba tuliachana kabla ya saa sita mchana.

Kampuni haina mbuzi. Nilieleza kila kitu: homa, daftari, mjomba. Wakajibu kwamba wamepokea maelezo yangu, lakini mume aliyekwisha kuingizwa hutolewa kwa njia mbili, hati ya talaka au cheti cha kifo. Nikaandika kwamba sikuolewa, kwa hiyo siwezi kupewa talaka, na kwamba mjomba ni mzima wa afya. Wakanishukuru kwa kuwasiliana nao. Nikaandika tena. Wakanishukuru tena. Mimba haikungoja barua.

Mama ndiye aliyeamua. "Ndege yako iko na maneno mingi," akasema. "Basi hapana uliza."

Nilimkumbusha daktari. Akasema daktari hakuwa na binti Nairobi. Mtu wa kumshika mkono akawa, kwa kukosa mwingine aliyekuwa na pasipoti, mjomba. Mimi homa ilikuwa imerudi na nilishindwa hata kubeba begi langu la kliniki. Nikawasindikiza kituoni Arua. Nilimwekea mama mto wa kupandishia miguu, nikamwonyesha mjomba mara mbili vidonge vya asubuhi na vya jioni. Alikuwa amevaa suti.

Walifika. Miguu ya mama ilikuwa mikubwa kiasi kwamba viatu vilikatwa kwa kisu. Mtoto alizaliwa siku mbili baadaye, msichana, mzima, na mama yangu hakuweza kufika hospitali. Mjukuu aliletwa nyumbani akawekwa kifuani mwa bibi aliyelala. Picha wanayo, nami ninayo. Sijui kama ndivyo mdogo wangu alivyoomba, na sijamwuliza.

Daktari wa kule amesema basi tena hapana, kwa namna yoyote. Mjomba alirudi peke yake baada ya wiki mbili, mzima, na anawasimulia watu wa Koboko habari za Nairobi. Mama amebaki. Huu ni mwezi wa tano. Kila Jumatatu naiandikia ofisi, na kila Alhamisi wananishukuru.

Juzi mama alipiga simu mwenyewe. Mtoto alikuwa analia karibu yake, naye anazungumza juu ya kilio hicho kama mtu aliyekizoea. Akauliza nani amepalilia karanga zake. Nikamtajia jirani. Kisha akasema, "Mimi nachoka na nyumba ya watu. Nitarudi lini?"

Nikamwambia wiki ijayo, kama nilivyomwambia wiki iliyopita.