CD Mbili za Mgongo wa Mke Wangu

Hasira yangu haijaisha, na sitaki iishe kabla sijaiandika. Kuandika kwangu ni taabu. Shule niliiacha mdogo nikaenda kupika pilau za harusi hapa Buyenzi, na mkono uliozoea mwiko haupendi kalamu. Lakini nikisimulia kwa mdomo watu wanacheka, na mimi cha kuchekesha sikioni.

Mke wangu alishikwa na mgongo. Ulianza kama kichomi, akawa anajikaza kanga kiunoni na kuendelea kuchota maji, maana huyu mwanamke hata siku ya kuzikwa atainuka aangalie kama jiko limezimwa. Mwisho mguu wa kushoto ukafa ganzi. Kukaa hawezi, kulala ni kwa ubavu mmoja tu, chakula namlisha mimi. Tukaambiwa kule Kinindo kuna kliniki imepata muganga wa mifupa, kijana aliyesomea mbali, amekuja siku chache tu halafu anarudi alikotoka. Akiona picha ya mgongo na akakubali kukupasua, umepona. Akiondoka hajaiona, ungoje mpaka Mungu amlete tena.

Sasa picha yenyewe. Zamani ilikuwa karatasi nyeusi, unaiinua dirishani, hata mimi nilikuwa naona mbavu. Siku hizi mgonjwa anaingizwa mdomoni mwa mashine kama mkate tanurini, akitoka mnapewa CD. Niliigeuza huku na huku. Niliona uso wangu tu, na haukuwa mzuri.

Kutoka Buyenzi mpaka Kinindo si mbali, ila mafuta ya gari siku hizi yanatafutwa kama mke wa nne. Nilimbembeleza jirani mwenye pikapu, tukatandika godoro nyuma, mama watoto akalazwa juu kama mkungu wa ndizi. Kila shimo la barabara alikuwa anaita: "Baba watoto! Baba watoto!" Jina la dereva hakuliita hata mara moja. Kama mashimo nimeyachimba mimi!

Muganga alikuwa na laptopu nyembamba kama chapati. Haina mahali pa kuingiza CD. Ina tundu moja tu ubavuni, dogo, la kuingia ukucha. Kwa hiyo CD inawekwa ndani ya kisanduku cha pembeni, wanakiita lekteri, na waya wa lekteri una kichwa kipana, hauingii katika lile tundu. Basi katikati pakawekwa kidude kingine, kina mkia mmoja unaoingia kwenye laptopu na matundu mengi ya kupokea wengine. Nikamuuliza muganga, kwa nini watu hawa wanatengeneza mashine isiyo na mdomo, halafu wanakuuzia mdomo kando, halafu wanakuuzia na koo? Akacheka. Akaweka CD. Lekteri ikanguruma kidogo, ikafanya tik, tik, tik, ikanyamaza. Akairudia. Tik, tik.

"Muzee, CD hii imeharibika. Murudie picha."

Tukarudia. Pikapu, godoro, mashimo, foleni, tanuri lile lile, na mama analia kwa sababu ndani ya ile mashine unalazwa chali, na chali ndiko kwenye maumivu yenyewe. Niliisikia sauti yake nikiwa nje ya mlango. Wakatupa CD ya pili. Niliifunga ndani ya kanga safi, hata jirani alipotaka kuishika nilimwambia ashike usukani wake.

Tulifika Kinindo siku ya mwisho ya muganga kupokea wagonjwa. Moto hakuna, yaani umeme, tulivyozoea kuuita sisi; ulikuwa umekatwa kama siku ile ya kwanza. Jenereta inalisha friji ya dawa tu. Muganga anafanya kazi na betri ya laptopu. Na nyinyi mnajua desturi ya mji huu: ukiona mtu ana moto nawe huna, unaomba, naye hakunyimi. Kila mgonjwa aliyeingia alisema, "Muganga, unisaidie moto kidogo," na yeye mtoto wa watu, amelelewa vizuri, anapokea. Kile kidude cha matundu, siku zote mbili, kilikuwa kimening'iniza simu kama mbuzi mwenye watoto wengi kuliko chuchu. Na ya mama ilikuwamo. Niliichomeka mimi.

CD ya pili. Tik, tik, tik.

"Na hii pia imeharibika, muzee. Dezole, pole sana."

Hapo nilisimama.

"Zote mbili? Zimeharibikia wapi? Ndani ya kanga?"

"Inafika, muzee, inatokea tu."

"Apana! Haifiki! Sema mashini yako ni mbovu!"

"Mashini ni mupya."

"Mupya ndiyo mbovu! Ya zamani ilikuwa na mdomo!"

Mlango ulikuwa wazi, watu wa kwenye benchi wanachungulia. Mama akasema pale kitandani, bila kufumbua macho, "Muache kugombana, munipe simu yangu. Mutoto anapiga."

Nikaichomoa kwa hasira. Na lekteri, iliyokuwa inasema tik, tik, ikavuta pumzi. Ikazunguka, zzzz, ndefu kuliko siku zote, kisha ikachoka tena. Muganga akainama karibu. Akaitazama lekteri, akaitazama ile kamba ya simu.

"Moto ni mudogo," akasema polepole. "Simu ndizo zinaukula. Muzichomoe zote."

Nilikuwa nimeshaanza. Bwana mmoja wa tai, mkono umefungwa bandeji shingoni, akaruka kutoka kwenye benchi.

"We muzee! Yangu iko pasenti mbili! Mi natoka Ngagara, nitarudi namna gani bila simu?"

"Utarudi na miguu! Miguu ina chaji!"

"Usiguse kitu cha mutu!"

"Na mugongo wa mutu? Huo muguse tu?"

Watu wakacheka. Najua kuchomoa simu ya mtu ni kama kumwepulia chungu chake mekoni. Niliviepua vyote.

Lekteri ikanguruma sawasawa, na mgongo wa mke wangu ukajitokeza kwenye laptopu, mweupe, pingili kwa pingili. Ingekuwa mwisho mwema, sivyo? Lakini nikasema, "Sasa weka ile ya kwanza." Muganga hakutaka. Nikaishika mbele ya uso wake mpaka akaiweka. Ikafunguka vilevile, safi, haina hata doa. Kwa hiyo ile safari ya pili, kile kilio nyuma ya mlango, vyote vilikuwa vya bure.

"Unisamehe, muzee," akasema.

Mpaka leo sijamjibu.

Akamgeuzia mama laptopu, akamwonyesha kidole panapobana. Mama akafumbua jicho moja.

"Ni hako tu? Kadogo hivyo? Mi nilifikiri ni kitu cha heshima."

Muganga akasema atampasua kesho asubuhi, ndipo aondoke. Alimpasua kweli, na mama sasa anatembea, anachota maji, ananigombeza. Nayasema mapema ili msinikatishe, maana ile siku bado sijaimaliza.

Muganga alipokwisha kuhamishia picha ndani ya laptopu, alitoa CD. Mimi nikaanza kufunga kanga zetu. Mama akaniita, kwa sauti ile ya mashimo.

"Baba watoto. Warudishie watu moto wao."

"Nani? Mimi?"

"Si ni we uliyeutoa?"

Nikarudisha simu moja moja, matundu siyaoni vizuri. Ya yule bwana wa tai niliichomeka ya mwisho.