Gari la Betri Lililosukumwa Mpaka Bwera

Barua tatu zimenifikia kutoka kwetu Tabora zikiniuliza kama ni kweli nilisafiri kwa gari lisilo na injini kwenda kumchukua mke wangu. Ni kweli. Na kwa kuwa kila aliyeisimulia habari hii ameitia chumvi yake, naiandika mwenyewe ili mnicheke kwa yaliyotokea, msinicheke kwa uzushi.

Mke wangu, Biira, ni Mkonzo wa Bwera, kule mpakani mwa Uganda na Kongo. Alipopata mimba yetu ya kwanza, harufu ya dizeli ikawa adui yake. Nasi tulikuwa tunakaa Kasese, chumba cha nyuma ya yadi ya malori ya Haji Badru, ambaye mimi ndiye fundi wake. Alitapika asubuhi, alitapika jioni. Mwezi wa nne wa mimba akafunga nguo zake, akapanda lori la samaki lililokuwa likienda Bwera, akarudi kwa baba yake. Niliposikia amepanda lori nilimwonea huruma mno.

Mwezi wa saba ulipoingia, baba yake, mzee Thembo, akanitumia neno: mtoto akizaliwa kule, atakulia kule. Mtoto wangu wa kwanza! Chakula kilinishinda. Nikamwomba mzee atume vijana wambebe Biira kwa machela mpaka Kasese, kama wanavyobebwa watu wa milimani. Jibu likaja upesi: machela ni ya wagonjwa, binti yake si mgonjwa, na nisirudie tena kumwombea mabaya.

Hapo ndipo Haji Badru aliporudi kutoka Kampala na kigari cha ajabu. Mzungu mmoja aliyekuwa akikitumia kugawia maziwa alikuwa amerudi kwao. Kilishushwa kwenye treni watu wakikizunguka kama ng'ombe wa maonyesho: kifupi, ubavu wazi, kengele ya mkono badala ya honi, na chini ya sakafu masanduku mawili ya betri ambayo watu wanne hawakuweza kunyanyua moja.

"Fundi Athumani," Haji akaniambia, "hii gari haikuli mafuta. Hainuki. Haina kelele. Peleka Bwera, urudi, uniambie kama inafaa huko hakuna umeme, huko juu kwenye baridi. Ikifaa, lori zote nauza."

Mimi nilisikia neno moja tu: hainuki. Nikachomeka nyaya kwenye umeme siku mbili mfululizo, nikafua kanzu yangu, nikanunua mto wa sufi wa kumkalisha Biira. Ovaroli yangu niliikunja nikaiweka chini ya kiti, kwa maana fundi hasafiri bila ovaroli.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kasese. Niliondoka bila sauti yoyote isipokuwa ya magurudumu. Nilijisikia kama gavana. Sikufika hata mwisho wa mji.

Lazima niwaeleze desturi ya huku. Malori ya Kasese ni ya zamani, na asubuhi karibu yote huwashwa kwa kusukumwa. Apitaye njiani akiona gari linajikokota kimya, huweka mzigo wake chini na kusukuma mpaka injini ingurume. Ikishanguruma, aliyesukuma hupanda bure mpaka aendako. Hakuna anayebishana. Mkono uliogusa bodi ndio tiketi yenyewe.

Aliyenigusa wa kwanza alikuwa Sajini Kule, mzee aliyepigana Bama katika vita vya Wazungu na ambaye mpaka leo huvaa koti lake la jeshi hata jua likiwa utosini.

"Fundi! Gari imekufa!"

"Haijafa, Sajini. Si unaona inatembea?"

"Inatembea ya muteremko. Injini iko wapi?"

"Haina injini."

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Pole sana. Wameiba lini?"

Kabla sijajibu alikuwa amekwisha kuita watu watatu waliokuwa wakienda shamba. "Nyinyi! Kuja hapa! Sukuma! Moja, mbili! Moja, mbili!" Wakasukuma. Nikakanyaga mwendo ili niwaache, nao wakafurahi kwamba kazi yao inaonekana, wakazidi. Wakawa wanangoja mngurumo. Mngurumo haukuja. Wakasukuma mpaka pumzi ikawaishia, kisha, kwa haki yao, wakapanda wote wanne, na Sajini akakaa juu ya mto wa mke wangu.

Nilipiga kelele, niliapa, nilifungua sakafu nikawaonyesha betri. "Ndiyo," akasema Sajini kwa upole, "betri tumeiona. Injini ndiyo haiko." Kila tulipopita watu, huruma ikarudia ileile. Walitukimbilia na majembe, na vikapu, mmoja na kitanda chake kichwani. Wakasukuma gari lililokuwa likitembea lenyewe, wakapanda, na gari likazidi kuwa zito, na kwa uzito likazidi kwenda polepole, na kwa polepole likazidi kuonewa huruma.

Saa nne, nyika ya Kikorongo. Tulikuwa watu tisa na kitanda kimoja. Lori hapa husikika mbali na tembo huondoka njiani mapema. Sisi tulikata kona, na tembo huyo hapo, ametupa mgongo, hatua ishirini. Hakutusikia hata kidogo.

"Wote chini," Sajini akanong'ona. "Nyuma. Sukuma pole pole. Mutu asikohoe."

Wakashuka kama walinzi, wakaanza kulisukuma kinyumenyume. Tungefika salama lau mwenye kitanda asingegonga kengele kwa mguu mmoja wa kitanda chake. Tembo akageuka. Akatuangalia: watu wanane wakilirudisha nyuma gari la maziwa, na mmoja ndani amevaa kanzu. Masikio yakapepea mara mbili, kisha akajiendea zake vichakani. Nadhani naye aliona tumeibiwa injini.

Saa nane mchana, karibu na Kisinga. Mlima ulianza kutupandishia njia, na taa ya mbele niliyoiwasha kupima nguvu ikawa nyekundu kama jicho la mlevi. Gari likasimama.

"Jamani," nikasema, "sasa ndiyo limekufa kweli."

"Tulikuambia tangu asubuhi," wakajibu wote.

Nikashuka, nikavua kanzu, nikaifunga kiunoni, nikasukuma pamoja nao. Tulisukuma kwa saa tatu, na wa Kisinga nao wakajiunga.

Jioni, Bwera. Nyumba ya mzee Thembo iko juu ya mji, kwenye ukungu, mahali ambapo pumzi ya mtu huonekana. Tulilifikisha gari kwa kelele za ushindi. Biira akatoka mlangoni na tumbo lake mbele, na moyo wangu ukaruka. Alinikaribia polepole, akanusa hewa, akasogea tena, kisha akaweka paji lake begani kwangu, mbele ya watu. Tangu mwezi wa pili wa mimba hakuwa amenikaribia hivyo. Nikasema moyoni: gari hili lina baraka.

Mzee Thembo yeye alikuwa amelishika gari mashavuni, yaani pembeni mwa taa.

"Mukwe, hii iko baridi sana."

"Ni betri, baba mkwe. Imekwisha nguvu. Na baridi huizidishia unyonge."

"Basi ilale mu nyumba. Mugeni hapana lala inje."

Nilimweleza kwamba ni chuma. Akaniambia hata jembe hulala ndani. Mbuzi wakahamishwa, gari likaingizwa bandani mwao, likafunikwa mablanketi mawili, na mimi mkwe nikapewa lililobaki, lenye tundu. Asubuhi nikawasha taa kwa kujaribu, ikatoa mwanga kidogo. Mzee akalipapasa gari shavuni kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Siku ya pili, asubuhi, kinuni. Umeme pekee wa jirani ulikuwa chini, kwenye kinu cha mahindi kilichoendeshwa na injini ya dizeli yenye jenereta kuukuu pembeni. Tukaliteremsha gari, nikaunganisha nyaya. Injini ikakohoa, ikazima. Nikavaa ovaroli, nikaifungua, nikaosha vyombo vyake kwa dizeli, nikaifunga, ikazima tena, nikaifungua tena. Fikirini: nimelichukua gari lisilonuka, nimeliweka kutwa nzima linanyonyeshwa na injini inayotoa moshi mweusi kama sufuria ya msibani. Lakini mpaka alasiri betri zilikuwa zimepata nusu. Nikaliacha palepale, nikapanda mlima mbio kumpa Biira habari njema: kesho tunakwenda nyumbani.

Alinikimbilia. Hatua tatu kabla hajanifikia alisimama, akashika mdomo, akainamia migomba akatapika mpaka nikaogopa.

"Lakini gari liko kinuni!" nikalia. "Halijafika hapa hata!"

Akajifuta. Machozi yalimtoka, sijui ya kutapika au ya hasira.

"Haiko gari. Iko weye."

"Mimi?"

"Weye. Nilikuja na lori ya samaki. Nilikaa mbele na dereva, nikakula ndizi, sikutapika hata mara moya. Lori inanuka mu njia, halafu inaenda. Weye unaingia nayo mu kitanda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia dizeli inanuka. Ukaenda kugombana na Haji ahamishe malori."

Ni kweli, niligombana na Haji siku nzima. Nilisimama pale na ovaroli yangu, watu wote wa nyumba ile wakinitazama, na Sajini Kule naye, ambaye alikuwa amekaa kwa mzee kula viazi kama mjomba. Aibu iliyonishika sijapata kuijua. Miezi yote ile mwanamke alikuwa akinikimbia mimi, nami nilikuwa natafuta gari la kumrudisha kwangu.

Mzee Thembo hakunicheka. Nilipoivua ovaroli aliiokota kwa ncha ya kijiti, akaenda kuitundika mbali kwenye uzio, kisha akaagiza maji ya moto. Niliogeshwa, si nilioga. Sajini alisimama nje ya ua akitoa amri: "Kichwa! Shingo! Rudia shingo! Mikono mbele, kucha nione!" Mara ya tatu Biira akaja, akaninusa nyuma ya sikio, akasema bado kidogo. Mara ya nne akacheka.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi. Biira alisema hata lori angepanda, sharti fundi awe ameoga. Lakini mzee alikwisha kuutangazia mlima mzima kwamba binti yake amekuja kuchukuliwa na gari lisilonuka, na hakuwa tayari kula maneno yake. Tukaondoka nalo, Biira juu ya mto wake, akipiga kengele kuwaaga watu. Mteremko ulitubeba, nusu ya betri ikatubeba, na chini ya Kisinga vyote viwili vikaisha. Tukalala kwa ndugu wa Sajini.

"Fundi," Sajini akauliza asubuhi, "ile masanduku ya chini, inasaidia nini sasa?"

"Sasa hivi? Hakuna."

"Basi shusha."

Tukazishusha betri, tukaziacha uani kwa ndugu yake, na gari likawa jepesi kama kapu. Waliotusukuma kwenda walikuwa wakitungoja njiani wapate kupanda kurudi, na kwa desturi walianza kwa kusukuma. Kwa vile hakukuwa na betri, hawakupata nafasi ya kupanda. Walisukuma mpaka Kasese, wakipokezana, wakiimba, nami katikati yao. Jua lilipokuwa kali Biira aliinama kutoka juu, akanipangusa uso kwa kitenge chake.

"Leo unanuka jasho," akasema.

"Nikuache mbali?"

"Hapana. Jasho iko ya mutu."

Magharibi, siku ya nne, yadi ya Haji Badru. Haji alihesabu watu kumi na tisa nyuma ya gari lake na mwanamke mmoja mbele, akachungulia chini ya sakafu.

"Betri iko wapi?"

"Imebaki njiani, Haji."

"Na gari imefika?"

"Imefika."

Akalizunguka gari mara moja. "Basi inafaa ao haifai?"

Nilimpa jibu ambalo nawapa na ninyi, na sina jingine. Mahali pasipo umeme, penye mlima na baridi, gari la betri linafaa sana ukiwa na watu wa kulisukuma, dizeli ya kulilisha, mablanketi mawili na banda la mbuzi. Ukiwa na watu peke yao, betri waweza kuiacha. Haji hakuuza lori lolote. Mimi nilijifunza jingine, kwamba mke akisema kitu kinanuka, mume aanze kwa kujinusa.

Ovaroli sasa hulala yadini, na sabuni iko nje ya mlango wetu, nioge kabla ya kuingia. Wiki sita baadaye Biira alijifungua mtoto wa kike hapa hapa Kasese, tukamwita Masika, kama Wakonzo wanavyomwita binti wa kwanza.

Mzee Thembo alikuja kumwona. Alikuja kwa miguu, na nyuma yake Sajini Kule akiongoza watu kumi na sita, na machela mbili mabegani, na juu ya kila machela sanduku la betri limefunikwa blanketi. "Hizi ndiyo iko wagonjwa," mzee akaniambia, nami nikazipokea kwa mikono miwili. Kisha akampakata mjukuu wake, akamnusa utosini kwa muda mrefu. Akanyoosha shingo, akaninusa na mimi. Akamrudisha mtoto mikononi mwangu.

"Mukwe," akasema, "akulie hapa."