Nilimpa Mama Tisini na Tano

Nne ya mama niliigeuza tisa. Haikuwa kazi: nne ya yule mpima damu ilikuwa wazi kwa juu, nikaifunga kwa kalamu.

Mama alikuwa mjamzito. Hospitali ya Kilosa walimpima, wakamwandikia karatasi aipeleke kwa nesi wa zahanati yetu hapa Tindiga: damu asilimia 45. Mimi wa darasa la saba, bingwa wa kufeli, arobaini na tano naijua vizuri. Ni fimbo. Nikaona aibu mama yangu apeleke maksi kama zangu za hesabu.

"Mama, tisini na tano! Umewapita wote!"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Akaifungia karatasi kwenye pindo la kanga. Nesi naye akaisoma, akampongeza, akamrudisha nyumbani bila kidonge hata kimoja.

Siku ya tatu akaanguka kwenye shamba la kijiji, jembe mkononi. Wanawake wenzake wakambeba hadi zahanati, mimi nyuma nakimbia, utani wote umeniisha.

Nesi akamfunua kope ya chini. Ndani hamna wekundu kabisa.

"Huyu ndiye wa tisini na tano?"

"Shikamoo, nesi," nikasema.

"Marahaba. Mbona unaniamkia mara ya pili? Si umeniamkia pale mlangoni?"

Nikatapika yote, kwa kilio: kalamu, nne, tisa.

"We mtoto, damu haifanyi mtihani! Wanapima wekundu wake. Mama yako kaishiwa madini ya chuma, na wa tumboni naye anayachota hayo hayo. Ungeniulia wawili kwa kalamu!"

Akatoa vidonge vya kuongeza damu. Akaagiza maharage, matembele, maini yakipatikana, chungwa baada ya kula, na chai isinywewe pamoja na chakula. Majani tusiyachemshe mpaka yafe, vitamini zinapotea.

Matembele nimechuma mimi, kila siku, wavulana wenzangu wakiniita mama mwenye nyumba. Kope za mama zilipoanza kurudisha rangi ndipo nikapata ujasiri wa kupiga magoti. Nikaomba radhi. Halafu nikamuuliza, maana jioni huwa anasoma darasa la watu wazima, ilikuwaje asiigundue ile tisa.

Mama akasema: "Nne naijua, mwanangu, niliiona kabla hujaiharibu. Lakini tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunipa tisini na tano. Ningekataaje?"