Mwaka Nilioshonwa Tumbo

Utoto wangu kule Muleba ulinuka. Kahawa ilianikwa uani, ndizi zilichemka jikoni, lakini pua yangu ilishughulika kuninusa mimi mwenyewe. Nilizaliwa bila njia ya haja kubwa, na madaktari wakanitoboa tumboni ili kinyesi kipite pale. Mama alichana kanga zake kuukuu, akazikunja, akanifunga nazo kiunoni; alizifua kutwa. Taata, yaani baba yangu, hakungoja hata turudi nyumbani. “Kwetu hazaliwi mtoto wa namna hii,” alimwambia mama, akahamia Kashai, mjini Bukoba, akaoa mke mwingine.

Shuleni nilikaa peke yangu karibu na mlango. Nilikuwa darasa la tatu mama aliposikia kwamba bingwa wa upasuaji wa watoto amefika Bukoba. Tukaenda. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na aliniuliza mimi kwanza: “Unataka nikusaidie nini?”

“Nikae na wenzangu.”

Alinipapasa tumbo taratibu, kisha akamgeukia mama. “Huyu alitakiwa kutengenezewa njia angali mchanga. Hamkuambiwa?”

“Niliambiwa nimpeleke Mwanza, daktari. Nikamwomba baba yake atupeleke. Hakuja.”

“Basi tutaanza sasa. Itauma, na mtarudi hapa tena na tena.”

Iliuma kweli. Alinitengenezea njia, na kidonda kilipopona akanishona lile tundu la tumboni. Siku niliyokwenda chooni kama watu wengine, mama alisimama nje ya mlango akilia kwa sauti.

Habari zikamfikia taata. Akaja na mkungu wa ndizi, akaita jamaa, akatangaza, “Mwanangu amepona!” Mama akampikia.

Siku hizi nawaona Bukoba watoto wachanga waliozaliwa kama mimi wakiwahishwa kwa daktari, na mama zao wakipewa mifuko maalumu badala ya kuchana kanga. Nafurahi, halafu nakasirika kwa miaka yangu iliyopotea. Mwaka jana, kwenye harusi yangu, taata alishika maikrofoni: “Binti huyu nilimbeba mimi mwenyewe mpaka kwa daktari!” Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama alikuwa ameketi kando yangu, naye akapiga. Nikaishika mikono yake mpaka ikatulia.