Begi Lililofuta Ramani

Mwalimu wa jiografia alikuwa na majina mawili. La kwanza alipewa na wazazi wake, likaishia kwenye vyeti. La pili alipewa na wanafunzi, na hilo alilipenda kama mboni ya jicho lake: Ramani. Mgeni yeyote aliyeingia nyumbani kwake alisimuliwa habari za jina hilo kabla chai haijapoa.

"Unajua shuleni wananiitaje?" angeuliza, akijitia haya. "Ramani! Watoto wa siku hizi watundu, lakini macho wanayo. Nitajie nchi yoyote duniani, naichora ubaoni bila kufungua kitabu."

Na kuchora alichora kweli, hapo tusimvunjie heshima. Aliligeuzia darasa mgongo, akashika chaki, akateremka na pwani ya Brazili kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake mwenyewe. Nyuma yake darasa lilikuwa kimya, mpaka chaki ikasikika inavyokwaruza. Mwalimu wa hesabu, jirani yake wa meza katika ofisi ya walimu, hakuwahi kuambulia kimya kama kile hata alipogonga dawati kwa rula. Na kwenye mitihani, swali la Amerika ya Kusini walilipata wote, hata wale ambao maswali mengine walikuwa wakibahatisha. Ramani aliyatazama matokeo hayo akajipongeza kimoyomoyo, maana hakuna mwingine aliyekumbuka kumpongeza.

Tatizo ni kwamba wanafunzi hawakuwa wakitazama ubao.

Kila asubuhi Ramani alikwenda shuleni kwa miguu, akipanda kilima na kuteremka upande wa pili, begi la turubai mgongoni. Begi hilo alikuwa nalo tangu chuoni. Ndani mlikuwa na atlasi kubwa ya jalada gumu, madaftari ya kusahihisha, mwavuli, chupa ya maji na kopo la chakula, na lote lilimlalia mgongoni kama mtoto mwenye homa. Hewa haikuwa na pa kupita. Alipofika na kulitua, jasho lilikuwa limeshachora ramani yake kwenye shati: pana mabegani, ikipungua kuelekea kiunoni, Amerika ya Kusini kamili, na visiwa vyake pembeni. Siku za baridi lilinywea likawa India. Mgongo ule uliposimama sambamba na ubao, darasa lilifanya jambo ambalo mwalimu yeyote angeliombea: lililinganisha.

Jina lilitoka hapo.

Nyumbani, aliyeujua ukweli huo ni binti yake wa pekee, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule hiyo hiyo. Darasani alikaa mbele, akainamia daftari kila baba yake alipogeuka kuandika. Wageni walipokuja na baba akamwita, "Si ndivyo, mwanangu?" alijibu, "Ndivyo, Baba," akaondoka na sinia hata kama vikombe bado vina chai. Jasho lenyewe halikumsumbua. Nani hatoki jasho? Alichokiogopa ni siku ambayo baba yake angegundua kwamba jina analolitembeza kwa wageni ni la dhihaka. Alimjua. Angecheka mbele za watu, halafu asingechora tena.

Akamweleza mama yake. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, kisha akaacha kucheka. Wakakubaliana kwamba Ramani asiambiwe kitu. Anunuliwe begi jingine, basi.

Kazi ikawa kumshawishi.

"Baba watoto, mashati yako yananimaliza," mkewe alianza. "Chumvi ninayoitoa mgongoni mwako ingetosha mboga za mtaa mzima."

"Jasho ni afya."

"Basi hiyo afya uifue mwenyewe."

Hakutikisika. Begi la turubai halina kosa, alisema. Limepanda naye kila kilima pamoja na chama cha matembezi cha wanafunzi, alichokiongoza kila Jumamosi, na halijawahi kukatika hata mkanda. Ndipo binti akamjia kutoka upande ambao hakuulinda.

"Baba, kati ya begi na mgongo, upepo unapita wapi?"

Ramani akaweka kijiko chini. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumuuliza swali la upepo kwa hiari yake. Akafikiri, akajipapasa mgongo, akafikiri tena.

"Haupiti," akakiri.

Kuanzia hapo habari ya begi ikawa sayansi, nayo ikawa yake. Mke na binti wakabaki kumfuata nyuma.

Dukani alikataa katakata kujaribu begi tupu. "Begi tupu ni kama mchumba anayekuja kutambulishwa," alimwambia muuzaji. "Halina kasoro." Akamwaga mizigo yake yote kwenye kaunta, mwavuli, chupa, madaftari na ile atlasi. Muuzaji, mtu mpole aliyekuwa na matumaini ya kumaliza mapema, akaanza kusogeza mabegi mengine pembeni.

"Hili, mwalimu, lina sponji nene mgongoni. Laini kabisa."

"Sponji inaganda palepale mgongoni. Nitatembea nimevaa godoro."

"Basi hili. Tazama mifuko ilivyo mingi."

"Mfuko haupitishi upepo, ndugu yangu."

Muuzaji akapanda ngazi, akashuka na begi la kijivu ambalo mgongo wake ulikuwa na fremu iliyopinda kama upinde, na juu ya fremu wavu umevutwa ukakazika. Wavu ndio unaogusa mgongo. Begi lenyewe linakaa mbali nao. Binti akapitisha mkono kwenye uwazi ule, ukatokea upande wa pili. Wakatazamana na mama yake.

"Usianze na mabega," muuzaji akamwelekeza Ramani. "Funga huu wa kiunoni kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga. Uzito uulalie hapo. Mikanda ya mabega ni ya kushikilia tu. Sasa huu wa kifuani, usiubane, nawe unahitaji kupumua."

Ramani akapanda ngazi za duka, akashuka, akainama kama anayefunga viatu, akaenda kusimama mbele ya feni na kuipa ubavu. Akafumba macho.

"Ni bonde," akasema polepole. "Upepo unaingia huku, unatokea kule. Hili ni bonde!"

Wateja wawili waliokuja kutafuta mikoba ya harusi wakajikuta wanaelezwa tofauti ya upepo wa bondeni na wa mlimani. Muuzaji akatikisa kichwa kukubali kila kitu, kama afanyavyo mtu anayeona mauzo yanakaribia.

Ila atlasi ilikataa. Ile fremu iliyopinda ilikula nafasi ya ndani, na jalada gumu halikupinda nayo. Waliisukuma wima, wakaisukuma ulalo, zipu ikagoma. Begi la ukubwa wa juu lilimfika Ramani kisogoni na mkanda wa kiunoni ukashuka mapajani, akaonekana kama amebebwa yeye.

"Si kitu," Ramani akasema. "Atlasi itabaki nyumbani. Ramani zote ziko hapa." Akajigonga kichwani.

Binti yake akaangalia dari. Na hivyo Ramani akatoka dukani na begi lililomeza kila kitu isipokuwa ramani.

Jumatatu alifika shuleni mkavu. Alipitisha mkono mgongoni kila alipopata kificho, asiamini. Kipindi cha kwanza kilikuwa darasa la binti yake. Aliingia kwa madaha, akageukia ubao na kuanza na pwani ya Brazili.

Kimya kilikuja kama kawaida, lakini hakikukaa. Kiti kikalia. Mtu akaguna. Kisha guno likapita safu hadi safu, la watu waliofika uwanjani wakakuta mechi imeahirishwa.

"Leo bahari tupu," sauti ikanong'ona nyuma.

"Labda imezama."

Vicheko. Ramani akageuka, akakuta kila mtu anasoma daftari kwa bidii isiyo ya kawaida, na binti yake amefunika uso kwa viganja. Kabla kipindi hakijaisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, aliazima rula.

Jibu lilimsubiri ofisini.

"Ramani! Hebu geuka nikuone," akasema mwalimu wa hesabu. Ramani akageuka, akidhani ni habari ya begi. "Lo! Kweli umefutika! Sasa tutakuitaje, Karatasi?"

"Nimefutika vipi?"

Mwalimu wa hesabu hakuwa mtu mbaya. Alidhani ni mzaha wa shule nzima ambao Ramani mwenyewe anaufahamu. Akamweleza kwa moyo mkunjufu, akachovya kidole kwenye chai akamchorea mezani, mabega hapa, kiuno hapa. "Mimi mwenyewe Chile nimeijulia mgongoni kwako," akamalizia.

Ramani akacheka. Alicheka vizuri kabisa, akampiga mwenzake begani, akaaga. Vipindi vilivyofuata alifundisha ameketi, akisoma kitabuni. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile. Chaki ilikaa kwenye kijaluba chake, na ubao ukabaki na tarehe ya Jumatatu.

Iliuma, tusizungukezunguke. Hakuwaonea watoto uchungu sana. Mtoto ni mtoto. Kilichomla ni wageni. Alipanda kilima kurudi nyumbani huku wakimjia mmoja mmoja: wakwe zake, mchungaji, fundi bomba aliyekuja kuziba koki tu. Kwenye harusi ya mdogo wake alinyang'anya mtu kipaza sauti ili asimulie. Na katika kila tukio, pembeni, alikuwapo yule mtoto na sinia lake, akisema ndivyo, Baba. Upepo ulipita mgongoni kama ulivyoahidiwa, asiufurahie hata kidogo.

Ijumaa jioni alimkuta binti anapiga pasi sare zake.

"Ulijua," akasema.

Pasi ikasimama. "Nilijua, Baba."

"Na wageni wale wote?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unafurahi."

Ramani akatafuta kiti. "Na wewe wanakucheka?"

"Hawanicheki. Wananiuliza tu kesho utavaa shati gani. La bluu ndilo linaonyesha vizuri." Akaanza kucheka, kicheko kikamgeukia kilio kabla hajakishika, akajifuta kwa mkono wa sare aliyokwisha kuinyoosha. "Baba, rudi kuchora. Tafadhali. Sikutaka uache kuchora."

Kulikuwa na jambo lililokuwa linamkereketa Ramani tangu Jumatatu, na sasa likapata mdomo.

"Lile swali la mtihani. La Amerika ya Kusini."

"Tuliijulia mgongoni kwako, Baba."

"Wote?"

"Wote. Hata mimi nilikuwa nachungulia."

Mwalimu aliyemaliza miaka akiomba vifaa vya kufundishia, kila kikao, mpaka mkuu wa shule akawa anamkwepa kwenye korido, kumbe siku zote alikuwa amevivaa. Akakaa na habari hiyo muda, hajui ainunie au aicheke. Mkewe alipopita na ndoo aliwakuta wote wawili wamejisahau, pasi inaunguza kitambaa cha meza.

Kesho yake ilikuwa siku ya matembezi. Asubuhi Ramani akalishusha begi la turubai kutoka kwenye msumari, akatia atlasi, akalivaa. Lile la kijivu akamkabidhi binti.

"Baba, mbona umechukua hilo?"

"Atlasi haiingii kwenye hilo lako. Anza na mkanda wa kiunoni. Hapo, juu ya mfupa. Mabega yashikilie tu."

Alikuwa amevaa shati la bluu.

Chama cha matembezi kilishangaa siku hiyo, maana mwalimu aliyezoea kupumzika kila penye kivuli alipanda bila kusimama, akavipita vivuli vyote, akachagua njia ya juani. Waliomfuata walihema. Binti peke yake alipanda kwa raha, upepo ukipita bondeni mwake.

Kileleni Ramani akatua begi. Hakugeuka kuwatazama wanafunzi kama alivyozoea. Alibaki ameangalia mabonde ya chini, mgongo kwao, jasho likimtiririka. Nyuma yake kikatanda kile kimya cha zamani. Safari hii alijua ni cha nini.

"Haya," akasema. Akakohoa. "Leo nina nini?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Nauliza, leo nina nini?"

"Amerika ya Kusini, mwalimu," mmoja akajibu hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesubiri adhabu.

"Nzima?"

"Venezuela imekatika kidogo."

"Itajaa, jua bado lipo. Chile iko wapi? Aje mtu anionyeshe."

Wakasukumana, wakanong'onezana. Kisha akasikia hatua za mtu mmoja kwenye changarawe, na mlio wa kifungo cha mkanda wa kifuani kikifunguliwa. Kidole kikamgusa chini ya bega la kushoto, kikaanza kuteremka taratibu kandokando ya shati lililolowa. Upande huo Ramani alikuwa na mtekenyo usio wa kawaida, siri iliyojulikana na watu wawili tu duniani, na mmoja wao alikuwa nyumbani anafua. Kidole kikashuka, kikashuka, kikakaribia mkanda wa suruali.

"Rudi juu, mwanangu," Ramani akasema bila kugeuka, mbavu zikimcheza. "Huko umeshafika Antaktika."