Mpira wa Tyubu Kwenye Mwamba wa Nkowe

Niliondoka Nachingwea nikiwa na hasira. Shemeji yangu Hamisi, mume wa mdogo wangu Zuhura, alinipigia simu akitamba kwamba vifaa vya kukwea mwamba nilivyomwazima ameshavipanga mwenyewe, na kwamba kesho yake Zuhura ndiye angetangulia kupanda. Nikamwambia aningoje. Akacheka. "Wewe njoo ushangilie tu, shemeji."

Njiani kwenda Ruangwa niligombana naye kichwani safari nzima. Nilimfundisha vizuri: njia ya mwambani ikinyooka chukua mkanda mfupi, ikipinda chukua mrefu, kamba isije ikakwama. Kila mkanda una kulabu mbili za chuma. Ya juu unaipachika kwenye pete iliyopigiliwa mwambani, ya chini unapitisha kamba ya mpandaji. Akiteleza, mkanda huo ndio unaomdaka. Halafu mtu anasema "nimepanga mwenyewe", utadhani anapanga vyombo kabatini!

Ruangwa mjini nilichukua bodaboda mpaka Nkowe. Nilimkuta Zuhura chini ya mwamba, nyuma ya mikorosho yao, mikanda ikining'inia kiunoni, Hamisi kando yake ameshika kamba.

"Dada, umewahi! Nilikuwa naanza."

"Huanzi kitu. Lete hapa."

Kwa macho ilipendeza. Kulabu zote za chini Hamisi alikuwa amezibana kwa vipande vya mpira wa tyubu. Kwetu mpira wa tyubu unafunga kila kitu: gunia la ufuta, mpini uliopasuka, hata kuku wa kupeleka gulioni.

"Zilikuwa zinachezacheza, shemeji," Hamisi akasema. "Nimezikaza."

Nikashika mkanda kwa mkono mmoja, kulabu ya chini kwa mwingine, nikavuta. Mpira ukakatika. Mkanda ukabaki huku, kulabu huku. Hakuipitisha kwenye mkanda hata kidogo. Ilishikwa na mpira peke yake. Nikavuta wa pili, ukawa vilevile. Wa tatu pia.

"Lakini si ilikuwa imeshika," akanong'ona.

"Ingemshika nani, Hamisi? Huyu? Nitajie, ingemshika nani?"

Nilipiga kelele mpaka majirani wakasimamisha palizi. Sikuona haya, na mpaka leo sioni. Zuhura alikaa chini, akavua mshipi wa kiunoni aliotundikia mikanda na kumtupia mumewe.

"Leo unapanda wewe."

Tulipanga upya, kila kulabu ndani ya mkanda, bila mpira. Hamisi alivuta moja moja kwa nguvu zake zote, akarudia, ndipo akapanda. Hakutamba tena.

Wakati wa kurudi nilibeba vifaa vyangu vyote. Nilichojifunza ni kwamba kitu kinaweza kukazwa kikapendeza na kisiwe kimeshikwa na chochote. Siku hizi sitazami tu, navuta.

Dereva wa bodaboda akachukua mfuko wangu aufunge nyuma kwa mpira wa tyubu.

"Huu unabeba magunia, mama, usiwe na wasiwasi."

"Basi ubebe magunia," nikamjibu, nikaupakata mfuko wangu mpaka Ruangwa.