Mpwa wangu alitaka kuingia draft Marekani, scout akampima ndani ya gari langu hapa Riyadh

Wakuu, salamu kutoka kwenye joto.

Mimi humu ni mmoja wa wale wa kusoma na kupita. Leo nimeona niandike, na nitasema kilichotokea jinsi kilivyotokea. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu dada yangu ana marafiki wanaosoma hapa.

Niko Riyadh, Al-Suwaidi, dereva. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, ana kampuni ya kukodisha magari pamoja na madereva, kwa hiyo unaamka unapewa mtu wa kuzungusha. Wiki hii mwalimu, wiki ijayo daktari. Kuna kipindi nikapewa Mmarekani mmoja, mzee wa makamo, nimwite Mista Dale, na huyo nikakaa naye muda mrefu.

Aliletwa huku kufundisha vijana football ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki. Lakini kazi yake ya maisha ni scout. Hata akiwa huku alikuwa anatumiwa video za wachezaji wa college, anaziangalia kwenye tablet kiti cha nyuma, kisha anaandika kama kijana anafaa timu za kulipwa au hafai.

Kwa wasioujua huu mchezo, niwape kwa ufupi.

Kila mwaka timu kubwa za kule hukaa zikachagua vijana wa college kwa zamu, mmoja mmoja. Hiyo ndiyo draft. Jina lisipoitwa, kwa wengi safari imeishia hapo.

Mista Dale yeye alikuwa anapima pass rushers. Pass rusher ni yule jamaa mkubwa anayejipanga pembeni, na mpira ukianza anapambana kumpita beki aliyewekwa kumzuia, amfikie mrushaji kabla hajarusha. Akimwangusha inaitwa sack, na uwanja mzima unasimama.

Foleni za Riyadh mnazijua. Mtu ukikaa naye kwenye foleni kila siku atakufundisha chochote anachokijua, na yeye alikuwa anajua hicho kimoja.

Somo la kwanza lilikuwa usihesabu sacks. Mrushaji akikaa na mpira kama anautafutia mchumba, hata mimi dereva ningemfikia. Mista Dale aliangalia hatua ya kwanza, pale mpira unapotikisika. Aliangalia kama kijana anaweza kuinama na kukata kona bila kupunguza mwendo, maana mwenye kiuno kigumu anazunguka kama lori. Aliangalia urefu wa mikono.

Na alikuwa anaanza na zile mara ambazo kijana ameshindwa. "Kushinda kila mtu ana video yake," aliniambia. "Nataka kuona akizuiwa mara ya kwanza, ana nini kingine."

Sauti ilikuwa lazima izimwe. Alisema kelele za mashabiki zinadanganya macho.

Basi nikawa mwanafunzi. Taa nyekundu ikiwaka nageuka kuchungulia, mpaka ananiambia yalla, twende, watu wanapiga honi.

Sasa nije kwa kilichonileta.

Dada yangu mkubwa, Mama Brayo, yuko Jeddah. Kazi ya nyumbani, analala huko huko kwa madam. Kifungua mimba wake, Brayo, alikuwa moto wa rugby shuleni kwetu Bungoma, akapata scholarship Marekani. Kule wakaona ule mwili, wakamgeuza pass rusher. College yenyewe ndogo, lakini alikuwa anaangusha watu kweli.

Group ya WhatsApp ya familia ilijaa highlights zake. Shemeji yetu mmoja alizitilia nyimbo za injili, kwa hiyo Brayo akimwangusha mtu, kwaya inaitikia haleluya. Kanisani alikuwa anaombewa kwa jina kila Jumapili. Wazee wa pale nyumbani walishaanza kumwita mheshimiwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini nenda ukaseme hivyo kwenye group ya familia.

Brayo alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza degree. Akatuambia kuna agent amemfuata, anataka aache shule aingie draft mwaka ule ule. Ukishasaini na agent, kucheza college kumekwisha na scholarship imekwenda. Alikuwa na muda mfupi wa kuamua.

Mama yake aliamua kabla yake. Alimwambia madam kwamba mkataba ukiisha hasaini mwingine, anarudi nyumbani, mtoto ameshakuwa mtu. Madam naye akaenda maktab, ile ofisi ya kuleta wafanyakazi wa nyumbani, kuagiza msichana mpya.

Na Brayo ana wadogo zake wawili, bado wako shule, na aliyekuwa anawasomesha ni huyo huyo mama.

Mimi nikaanza kukosa usingizi. Nilishaangalia video nyingi kwenye lile gari kiasi cha kuona kwamba kuna kitu kwa Brayo hakijakaa sawa. Ila sikuwa na uhakika, na damu ni damu, inakuziba macho.

Nikamwomba Brayo anitumie mechi nzima nzima, siyo highlights. Nikampa Mista Dale. Nikamwambia ni kijana wa kwetu, kuna rafiki yangu anauliza. Sikusema ni mpwa wangu. Niliona akijua ni wangu atanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nilitaka ukweli.

Siku hiyo tulikuwa tumechukua vifaa vya mazoezi kwenye godauni moja Al-Sulay. Aliziangalia kuanzia hapo mpaka karibu na kwake. Sauti imezimwa. Namwona kwenye kioo anarudisha nyuma, anaangalia tena, anarudisha nyuma.

"Moyo anao," akasema.

Wakuu, scout akianza na moyo, jua mwili umekataa.

Akaendelea, bila ubaya wowote. Hatua ya kwanza inachelewa. Mikono mifupi kwa urefu wake, beki mrefu atamshika kifuani kabla yeye hajamgusa. Kiuno hakikunjiki. Zile sacks nyingi ni mrushaji alikawia, au ni mabeki ambao baada ya college hawatacheza popote. Na akizuiwa mara ya kwanza, anarudia kile kile.

"Mwambie rafiki yako kijana amalize shule," akasema. "Akitoka sasa hakuna wa kumwita."

Nikasema sawa bosi, nikaendelea kushika usukani. Nililia kidogo nilipokuwa nimemshusha. Sioni haya kusema.

Haukupita muda, Mista Dale akawa na mafunzo Jeddah. Yeye akaenda kwa ndege, mimi nikapeleka vifaa kwa gari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Ijumaa Mama Brayo akapewa ruhusa ya saa chache, tukakutana Kandara, mtaa wa hapo hapo Jeddah, kwenye kihoteli ambacho Wakenya hupenda kukaa. Alikuja na furaha mpaka nikaona aibu. Mablanketi yake alishayapeleka kwenye cargo yatangulie nyumbani.

"Umekonda wewe," akaniambia. "Hao watu wa Riyadh hawakupi chakula?"

"Wananipa. Mama Brayo, kaa kwanza. Nina neno."

Nikamwambia lote. Hatua, mikono, kiuno. Nikamwambia Brayo abaki shule mwaka mmoja, na yeye arudi kwa madam aseme amebadilisha nia kabla huyo msichana mwingine hajapata visa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Chai yake hakuigusa.

"Kwa hiyo ulimpeleka mtoto wangu kwa mzungu ampime kama ng'ombe wa mnadani."

"Si hivyo, dada."

"Ni hivyo. Mimi mwenyewe nilichaguliwa hivyo hivyo. Picha, urefu, kilo, dini, unajua kupika, simama, geuka. Madam alinichukua kwa video. Hiyo video ilijua nini juu yangu?"

Nikamsogezea chai yake.

"Wewe umeambiwa na mzungu," akasema. "Mimi nimeambiwa na Mungu. Huyo mtoto hajawahi kuambiwa na mtu wa nyumba yetu kwamba hawezi, na si wewe utaanza."

Kwetu hilo ni jambo zito. Mtoto akiwa na nyota, nyumba nzima inasema ndiyo, na anayesema hapana anaonekana ana kijicho. Unaweza kuwa na ukweli wote mkononi na ukaitwa mchawi. Aliniacha pale na bili, akaenda zake kituo cha teksi bila kunipa mkono.

Nilimpigia Brayo mwenyewe. Kijana ana adabu, alinisikiliza.

"Uncle, wewe umewahi kuicheza hii game hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi niachie."

Akasaini na agent.

Draft ikafika. Siku zile za mwanzo hatukutarajia kitu. Siku ya mwisho, wanapochukua wale wa chini, kanisani kwetu walifunga projekta na watu wakajaa. Mimi nilikuwa chumbani na wenzangu, simu imesimamishwa kwenye kikombe. Majina yakasomwa mpaka yakaisha. Kwenye group hakuna aliyeandika kitu. Shemeji wa kwaya ndiye aliyevunja kimya kwa kuandika Mungu ni mwema, na hakuna aliyeitikia.

Nilitamani Mista Dale awe amekosea. Niliomba kabisa, kwa magoti, kwamba mwalimu wangu aaibike.

Timu moja ilimwita Brayo kwa majaribio ya siku chache, wakamshukuru, wakamrudisha. Ada hana, shule hana, na visa ilikuwa ya mwanafunzi. Alirudi Bungoma. Yuko pale kwa nyanya yake, mtu mkubwa anayejaza mlango, na kila anayepita anamuuliza anarudi lini Amerika. Siku hizi hatoki mchana.

Ndipo nikamwambia Mista Dale kwamba yule kijana alikuwa mpwa wangu. Aliweka tablet chini.

"Ungeniambia ni damu yako," akasema.

"Ungebadilisha maneno?"

"Maneno yangekuwa yale yale. Ningeyasema polepole."

Baada ya miezi akamaliza kazi yake huku, akaondoka. Alinishika mkono kwa muda mrefu kwenye uwanja wa ndege.

Mama Brayo mkataba wake uliisha muda si mrefu baada ya draft. Alijaribu kumwambia madam anataka kubaki. Madam si mtu mbaya, lakini msichana mpya alishafika. Halas, imekwisha. Akakubali tu amwachie ahamie kwa kafili mwingine, na ikama ya dada, kibali chake cha kuishi huku, ilikuwa inaelekea ukingoni. Akapelekwa kwenye ofisi moja Jeddah, wanakaa wanawake wengi chumba kimoja, wanasubiri kuchaguliwa.

Tangu Kandara hakuwahi kunipigia. Mimi nilikuwa napiga, hapokei.

Wiki mbili zilizopita nikaona ujumbe wake. Ni video. Ofisi inawarekodi wote kwa ajili ya kuwatumia waajiri. Amesimama mbele ya ukuta mweupe, amevaa ile sare, anataja jina, anasema anajua kupika, kufua, kulea wazee. Sauti ya nyuma inamwambia akae, ainuke, atembee, ageuke.

Chini ameandika: "Wafula, wewe ndiye una jicho. Niambie ukweli bila kunificha. Watanichukua?"

Nilizima sauti. Sikukusudia, ni mkono uliozoea.

Akiinuka kwenye kiti anajisukuma kwa kushika goti. Hatua ya kwanza inachelewa. Akigeuka anageuka mwili mzima kwa pamoja, kiuno hakikunjiki. Akifika mwisho wa ukuta anatabasamu, na hapo unaona amechoka. Dada yangu aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mto Nzoia, wakuu, nilimpima mpaka mwisho kabla sijakumbuka ni nani.

Nikamwandikia: "Watakuchukua, Mama Brayo. Uko vizuri sana."

Akajibu: "Amina. Asante mdogo wangu. Nilikukosea."

Sasa nasema nini.

Zamani nilidhani ukiwa na jicho la kuona mapema utaokoa watu. Nimejifunza kwamba jicho halina breki. Ukishajua kumwangalia kijana wa watu unajua na kumwangalia wa kwako, na kuna siku utaombwa ukweli na mtu ambaye hana tena pa kuupeleka. Brayo, nilipomwambia, bado alikuwa na shule. Mama yake ana ile video peke yake. Anayechuma janga hula na wa kwao, na sisi bado tuko mezani.

Mpaka naandika hapa bado yuko kwenye kile chumba. Wenzake aliowakuta wameshaondoka, na wengine waliokuja nyuma yake pia. Ananitumia salamu kila asubuhi, na kila asubuhi anauliza kama nina uhakika.

Walioko Jeddah wanaomjua mtu anayetafuta mama wa kulea mzazi mzee, taratibu, mwaminifu, tafadhali njooni PM.

Na wengine karibuni mseme mngejibu nini. Ila kama unakuja kuniambia nilimdanganya, usijisumbue kuandika, hilo nalijua.